Pagodes de Cos 2014: hili si tui la pili

Nilimwambia mke wangu kwamba nimeleta Les Pagodes de Cos, divai ya pili ya Cos d'Estournel, nyumba kubwa ya divai ya huku Bordeaux, Ufaransa. Alikuwa jikoni, nazi imeshakunwa, tui la kwanza limo bakulini, na mikono yake imo kwenye machicha akikamua la pili. Akaitazama chupa akauliza, "Ya pili kivipi? Wamekamua mara ya pili?"

Swali la haki kabisa. Mtu aliyekulia kwenye mbuzi na kifumbu akisikia "ya pili" anajua mara moja kinachozungumzwa: maji yaliyopitishwa kwenye machicha yaleyale, mepesi, ya kuchemshia mboga, huku lile zito likingoja mwisho. Na nimeshaona watu wengi wakiipita divai ya namna hii dukani kwa dhana hiyohiyo, wakidhani nyumba kubwa imewauzia masalia yake. Kwa hiyo naanzia hapo, kabla sijafika kwenye glasi.

Kule Médoc, kaskazini ya Bordeaux, shamba moja la mizabibu limegawanyika vipande vingi. Zabibu za kila kipande huvunwa kwa wakati wake na mara nyingi huchachushwa peke yake, kwenye tangi lake. Majira ya baridi baada ya mavuno, wenye nyumba hukaa wakaonja tangi baada ya tangi, wakaamua lipi litaingia kwenye divai kuu, ile inayobeba jina la kasri, na lipi litakwenda kwenye ya pili. Mizabibu michanga, ambayo mizizi yake haijashuka chini sana, mara nyingi huangukia ya pili. Vivyo hivyo kipande ambacho mwaka huo kimetoa zabibu laini, tamu kunywewa mapema lakini zisizo na mifupa ya kubeba divai inayotakiwa kulala miaka thelathini. Hizo ni zabibu nyingine kabisa, zimekamuliwa kwa mara yao ya kwanza, na waliozichuma na kuzitunza ni watu walewale. Hakuna machicha yaliyorudiwa hapo.

Utaratibu huu si wa jana. Château Margaux, nyumba nyingine kubwa ya Médoc, walianza kuiita divai yao ya pili Pavillon Rouge mwaka 1908. Latour, nyumba nyingine tena, wakaleta Les Forts de Latour kwa mavuno ya 1966. Cos d'Estournel walichelewa: Les Pagodes de Cos ilianza na mavuno ya 1994.

Sasa kwa nini niliichagua hii, wakati rafu nzima ilikuwa imejaa nyingine?

Kazi yangu ni kupeleka vitambaa vya meza na aproni safi kwenye mikahawa ya Médoc, kila Jumanne na Ijumaa. Barabara ya D2 naijua kona kwa kona. Unatoka Bordeaux, unapita Margaux, Saint-Julien, Pauillac, unaliacha kasri la Lafite mkono wa kushoto, unavuka kijito kiitwacho Jalle du Breuil ambacho ndicho mpaka wa Pauillac na Saint-Estèphe, halafu barabara inapanda kidogo. Hapo juu, katikati ya mizabibu, unakutana na jengo lisilofanana na lolote ulilolipita njiani: jengo la mawe ya rangi ya mchanga, limevishwa minara mitatu yenye mapaa ya pagoda. Mara ya kwanza nilidhani ni nyumba ya ibada. Kumbe ni ghala la divai. Tofauti na majirani zake, kasri hili halikujengwa kwa ajili ya mtu kuishi. Limejengwa kwa ajili ya mapipa.

Aliyelijenga ni Louis-Gaspard d'Estournel, aliyezaliwa 1762. Mwaka 1811 alirithi mizabibu kwenye kilima hiki cha Cos, jina ambalo kwa Kigaskoni, lugha ya zamani ya huku, maana yake ni kilima cha changarawe, na ile "s" ya mwisho hutamkwa. Bwana huyu aliuza divai yake hadi India, na inasimuliwa kwamba mapipa yaliyorudi bila kuuzwa, baada ya kuvuka bahari kwenda na kurudi, yalikuwa yamenoga kuliko yalivyoondoka. Akawa anayauza kwa fahari kama divai iliyorudi kutoka Bara Hindi. Watu wakambandika jina la Maharaja wa Saint-Estèphe. Madeni yalimlazimisha kuuza kila kitu mwaka 1852, akafa mwaka uliofuata akiwa na miaka zaidi ya tisini. Miaka miwili baadaye, mwaka 1855, madalali wa Bordeaux walipopanga madaraja ya divai kwa ajili ya Maonyesho ya Paris ya Napoleon III, Cos d'Estournel iliwekwa daraja la pili. Hakuiona siku hiyo. Nikipita pale na gari langu la vitambaa huwa namkumbuka kwa hilo.

Lakini kilichonifunga mimi na nyumba hii ni mlango. Kwenye uso wa jengo, chini ya pagoda ya katikati, upo mlango mkubwa wa mbao uliochongwa, na inasimuliwa kwamba ulitoka kwenye kasri la Sultani wa Zanzibar. Niliambiwa na mpishi mmoja wa Pauillac, sikumwamini. Siku yangu ya mapumziko nikapanga miadi ya kutembelea, nikaenda nikasimama mbele yake. Nimekulia mitaa yenye milango ya namna ile. Najua jinsi patasi inavyokwenda na mshipa wa mbao, najua jinsi vumbi linavyoganda kwenye mitaro ya nakshi hadi ikawa nyeusi kuliko ubao wenyewe. Nilisimama pale muda mrefu mpaka binti aliyekuwa akituongoza akarudi kuniita. Wageni wenzangu walipiga picha za minara. Mimi nina picha kumi na moja za mlango.

Tangu siku hiyo nilitaka kuinywa divai yao kwa utulivu, nyumbani kwangu, si kwa kijiko cha kuonjea. Niliwahi kuiagiza kwa glasi katika mkahawa mmoja mjini, sitautaja, wakaniletea ya moto kama chai iliyosahaulika mezani. Nadhani chupa ilikuwa imekaa karibu na jiko. Ilikuwa na harufu ya kileo tu na ladha ya matunda yaliyochemshwa. Nililipa nikaondoka nikiwa na huzuni, kwa sababu nilijua ile siyo.

Safari hii niliinunua chupa mwenyewe, duka la divai maeneo ya Chartrons, mtaa wa Bordeaux, euro 44. Muuzaji aliitoa chini, kwenye pishi la baridi, ilikokuwa imelazwa ubavu. Divai kuu ya mwaka uleule ilikuwa rafu ya juu, bei yake ikizidi mara tatu. Nilichagua 2014 kwa makusudi. Mwaka ule kiangazi kilikuwa cha kukatisha tamaa Bordeaux: Julai na Agosti baridi, mawingu, unyevu. Halafu Septemba ikaja na jua, ikakaa, na Oktoba ikaifuata, na zabibu aina ya Cabernet Sauvignon, ambazo ndizo huchelewa kuiva, zikapata wiki baada ya wiki za mwanga mkavu wa kumalizia kazi yao. Huku kaskazini, Saint-Estèphe, mvua ya Agosti ilipungua kuliko kwingine. Miaka ya joto kali hutoa divai pana, za kujaza mdomo. Mwaka wa kuiva polepole hutoa divai iliyonyooka, na mimi ndiyo naipenda hiyo.

Niliisimamisha chupa siku moja kabla, kwa sababu divai ya umri huu huwa na mashapo, na mashapo yakishatikisika yanaleta uchungu. Kizibo kilitoka kizima. Nilikinusa: kikavu juu, chini kimelowa rangi ya damu ya mzee kama milimita tatu hivi, hakuna harufu ya uvundo. Nikamimina kidogo kwenye glasi kubwa, nikaonja saa kumi na moja jioni.

Ilikuwa imejifunga. Nasema ukweli, mtu angeionja kwa dakika zile tano za mwanzo angesema amepoteza pesa. Puani nilipata mbao na chuma, kama kuingia karakana ya seremala asubuhi kabla hajaanza kazi. Mdomoni ukakasi ulishika ufizi moja kwa moja, ukakasi wa bibo ambalo halijaiva vizuri, na tunda lilikuwa limejificha nyuma yake. Mke wangu alionja tone akaweka glasi chini. "Inakaba," alisema, akarudi kwenye sufuria yake.

Niliimimina yote kwenye jagi la kioo, polepole, taa ya simu ikiwa nyuma ya shingo ya chupa ili nione mashapo yanapofika. Yalipofika nikaacha. Ilibaki chini kama vijiko viwili vya matope mekundu. Kisha nikaliweka jagi mbali na jiko, karibu na dirisha la ua, ambapo jioni ile palikuwa na baridi ya kadiri, digrii kumi na saba hivi. Nikaiacha saa mbili.

Saa moja usiku ilikuwa divai nyingine.

Rangi kwanza, maana mwanga wa taa ya meza ulikuwa mzuri: nyekundu iliyokoza kama zambarau katikati, na kwenye ukingo, ukiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, duara jembamba limeanza kugeuka rangi ya tofali. Huo ndio umri. Harufu ilikuwa imefunguka kwa ngazi. Juu kabisa forosadi nyeusi, zile zilizoiva hadi zinachafua vidole. Chini yake penseli iliyochongwa sasa hivi, na sanduku la mbao la kuhifadhia nguo za sikukuu. Nilipozungusha glasi ikaja karafuu, si karafuu kali ya pilau, bali ile inayobaki kwenye gunia tupu. Pilipili manga kidogo. Na mwisho kabisa, glasi ikiwa imebaki nusu, harufu ya mkanda wa ngozi uliovaliwa miaka mingi.

Mdomoni ule ukakasi haukuondoka, na sikutaka uondoke. Uligeuka tu. Mwanzoni ulikuwa ukishika kama mkono wa askari, sasa ulikuwa kama chai ya rangi iliyoiva vizuri: unausikia kwenye kingo za ulimi, unakausha kidogo, unakutamanisha nyama. Uchachu ulikuwa hai, ndio uliobeba tunda hadi mwisho. Na ladha ilikaa. Nilimeza, nikatazama saa ya ukutani bila kufikiri, na ilipofika robo dakika bado nilikuwa nikipata mbao na forosadi kooni. Ilichokosa ni uzito wa katikati. Kuna mahali, baada ya tunda na kabla ya mwisho, ambapo divai kuu ingekuwa na chumba kizima, na hii ina ujia tu. Unapita haraka. Nililisikia hilo kwenye kila glasi na siwezi kulificha.

Chakula kilikuwa bega la mwanakondoo wa Pauillac, limeokwa polepole na vitunguu saumu, pamoja na mchicha wa nazi wa mke wangu. Nyama na divai vilikwenda vizuri ajabu. Mafuta ya mwanakondoo yalilainisha ukakasi, na divai ikasafisha mafuta, na kila tonge likawa jipya. Mchicha wa nazi haukwenda. Utamu wa tui uliifanya divai ionekane chungu. Ukitaka kupika nazi siku hiyo, pika, lakini usiichanganye na glasi hii kwenye tonge moja. Hapa Médoc wao huchoma nyama ya ng'ombe juu ya makaa ya matawi makavu ya mizabibu, na moshi ule nadhani ungeipendeza hata zaidi ya mwanakondoo wetu.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini alikuwa mgeni wetu jioni ile. Ni bibi wa miaka zaidi ya themanini, amechuma zabibu Médoc tangu msichana, vidole vyake vimepinda kwa kazi hiyo. Nilimwambia swali la mke wangu, la kukamua mara ya pili, nikitarajia atashangaa. Hakushangaa.

"Bwana, hiyo ipo," aliniambia. "Ilikuwa inaitwa piquette. Divai ikishatoka, unamwagia maji kwenye yale makapi ya zabibu, unaacha yachachuke tena. Nyepesi, kali kidogo. Baba yangu alikwenda nayo shambani kila siku. Divai yenyewe ilikuwa ya kuuzwa."

"Kwa hiyo, Madame, ndilo tui la pili," nikasema, na ikabidi nimweleze nazi, machicha na kifumbu, na mke wangu akamletea bakuli aone. Akachovya kijiko kwenye mchicha, akafikiri.

"Ndiyo," alisema. "Hicho ndicho alichokunywa baba. Hii hapa," akainua glasi ya Pagodes, "hii hakuionja hata siku moja, na alichuma zabibu maisha yake yote."

Tulikaa kimya kidogo baada ya hapo. Mke wangu alimwongezea.

Naye mke wangu, aliyeiweka chini saa kumi na moja, aliinywa glasi nzima na nyama, akasema sasa amekubali, ila bado anaona ni divai inayokutaka ukae vizuri. Yuko sahihi. Hii si ya kufunguliwa wageni wakiwa wamesimama na karanga mkononi. Ukiwa huna saa mbili za kuiacha ipumue, nunua kitu kingine cha euro kumi na tano na utafurahi zaidi. Na kama unapenda divai laini, tamutamu, ambayo tunda linakuja mbele bila kuombwa, mwaka 2014 wa Saint-Estèphe utakuudhi. Udongo wa huku una changarawe juu na mfinyanzi mwingi chini kuliko majirani wa kusini, na tangu zamani divai zake zimejulikana kwa ukali wa ujanani. Tafuta miaka ya jua, 2015 au 2018.

Kuhusu bei, nimeifikiria sana, kwa sababu euro 44 ni pesa ninayoihesabu. Kwenye lebo kuna jina kubwa, na sehemu ya pesa inakwenda kwenye jina. Kwa euro 25 unapata divai nzuri kabisa ya Saint-Estèphe kutoka nyumba isiyo na pagoda wala Maharaja, na chakula chako kitafurahi. Lakini sijawahi kupata kwenye hizo za euro 25 ile hali ya harufu kubadilika kila ukirudi kwenye glasi, karafuu kuondoka ngozi ikaja, kana kwamba kuna mtu anafungua milango ya vyumba kimoja kimoja. Hapo ndipo unaposikia kwamba waliopanga mapipa haya ndio waliopanga yale ya divai kuu. Kwangu tofauti ile inafaa, kwa siku maalumu, mara mbili kwa mwaka.

Nilibakiza robo ya jagi makusudi, nikairudisha kwenye chupa, nikaziba, nikaiweka kwenye jokofu. Kesho yake jioni niliitoa saa moja kabla. Ukakasi ulikuwa umelainika zaidi na ule ujia wa katikati umepanuka kidogo, ila forosadi imeanza kugeuka forosadi kavu. Bado nzuri. Siku ya tatu ilikuwa imechoka, nikaimwagia kwenye mchuzi wa nyama.

Ijumaa nilipopita Saint-Estèphe nilisimamisha gari kando ya barabara, upande wa mizabibu. Ilikuwa asubuhi ya umande na watu wawili walikuwa wakifunga matawi kwenye nyaya. Nilirudi Chartrons jioni nikaagiza chupa mbili nyingine za mwaka uleule. Moja tutaifungua bibi wa chini atakapotimiza miaka yake, mwezi wa Novemba, na atakaa mwenyewe kiti cha dirishani, karibu na jagi. Nyingine nimeilaza chini ya kitanda, ubavu, upande wa ukuta wenye baridi, na nimeandika kwenye karatasi tarehe niliyoiweka.